Jina Lililosingiziwa

Kwa Peris, mama mkwe wa Phanice, kesi ilikuwa imeshaamuliwa: kosa ni la jina. Mtoto wa miaka saba hapandi madawati wala hang'ati wenzake darasani, ila awe amebeba jina la mtu mkorofi. Na marehemu Nasimiyu, mama mkwe wa Peris mwenyewe, aliwahi kumzaba mwanamume vibao katikati ya soko la Sirisia! Basi Jumamosi ya mwisho wa likizo kuku achinjwe, maombi yafanywe, jina livuliwe na mtoto apewe lingine.

Phanice aliumia. Yule bibi ndiye aliyemlea mumewe, na jina lake walimpa mtoto kwa mapenzi. Lakini angejitetea vipi, ilhali mwalimu anamwita kila wiki?

Likizo ilipoanza, akaenda na binti yake Kitale kwa rafiki yake Wacera, angalau apumue. Wiki ya pili, Nasimiyu mdogo alikaa akapukuchua mahindi asubuhi nzima bila kuinuka. Phanice alimtazama kama mtoto wa jirani.

"Kwani huko nyumbani anakula nini?" Wacera akauliza.

"Chakula tu. Ugali, mboga. Na barafu zangu za kuuza zikibaki."

"Zile za rangi?"

"Nyekundu. Si ndizo watoto wanapenda?"

"Mama Nasimiyu, wangu pia alikuwa hivyo. Daktari akaniambia nijaribu kumwondolea vyakula vya rangi. Si watoto wote wanasumbuliwa, lakini wangu alitulia."

Phanice akakumbuka kazi yake. Kila siku, nje ya lango la shule pale Kanduyi, alikoroga ule unga wa rangi kwenye ndoo, akiongeza kijiko ili wekundu ukolee. Zilizobaki jioni alimpa mwanawe. Kikulacho ki nguoni mwako! Alilia, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyomfaa. Alirudi Bungoma na gunia la matunda damu ya Wacera, yale yenye maji mekundu, akamwaga rangi yote chooni. Barafu zake sasa zikapata wekundu wa matunda ya shambani.

Jumamosi ikafika. Huko Sirisia, Peris aliposikia habari hiyo alicheka hadi akashika mbavu.

"Ati rangi? Si tumekula rangi miaka yote, bana! Haya. Akikaa maombi yote bila kuinuka, jina libaki."

Hapo alijua anachofanya. Maombi yangeongozwa na shemeji yake, Mzee Sifuna, ambaye huanzia kwa Adamu. Aliombea mvua, serikali, ng'ombe, na ndugu walioko mbali, mmoja mmoja kwa jina. Phanice alifumbua jicho moja. Binamu walikuwa wameanza kufinyana. Nasimiyu alichezesha miguu kidogo, akapiga miayo, akabaki palepale kwenye mkeka.

"Amina!" akaitikia, wa kwanza kuliko wote.

Sufuria ya kuku ikaletwa, na Mzee Sifuna akasogeza sahani yake apokee firigisi, kwa maana firigisi katika boma lile haijawahi kuliwa na mwanamke. Peris akaichota, akaipitisha mbele ya macho ya mzee, akaiweka kwenye sahani ya mtoto.

"Kula, Nasimiyu," akasema. "Kula, mama mkwe wangu."

Phanice akapiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani.