Mkanda wa Kilo Nane

Twalibu alifunga mkanda wa kuzamia kiunoni, akashuka bwawani, na papo hapo akazama mpaka tope likamfika magotini. Hashimu, mshika kamba wake, alimvuta juu huku akicheka.

"Oya kaka, jana umekula ugali kilo ngapi?"

Twalibu hakucheka. Hesabu yake ilikuwa safi. Baharini Tanga, alikosomea kuzamia, kwa nguo hii hii nene na mtungi huu huu wa hewa, alikuwa akivaa kilo kumi. Maji ya milimani hayana chumvi ya kumwinua mtu, hivyo alitoa mbili, zikabaki nane. Vipande nane vya risasi alivimimina mwenyewe kutoka kwenye betri chakavu za magari, kila kimoja kilo moja. Ofisi ilimpa kazi ya kusafisha chujio la bomba chini ya bwawa, lakini alipouliza uzito wa kuzamia, afisa alimjibu bila kuondoa macho kwenye simu: "Fundi si ni wewe?"

Akaanza upya. Mtungi ulikuwa umebakiza hewa kidogo tu, na ndivyo alivyotaka, maana mtungi huwa mwepesi hewa inapokwisha. Alijiweka wima majini bila kugusa chini, akatoa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, akavuta pumzi ya kawaida na kuishika. Maji yalitakiwa yaishie machoni. Yalimfunika. Alitoa kipande kimoja, yakamfunika tena. Alipotoa cha pili yakaishia machoni, na aliposhusha pumzi akazama taratibu, kama inavyotakiwa.

"Sita zinafanya kazi ya nane," alisema.

"Si poa? Mzigo umepungua."

"Hashimu, mwili ni wangu, naujua. Hizi si kilo moja moja."

Vipande vile alivipima Mkuyuni, kwenye mizani ya Stambuli, mume wa dada yake Raya, anayenunua karafuu za watu wa Kinole. Kila kipande alikiongezea risasi mpaka mshale ukagusa moja. "Kwako bure, shemeji," Stambuli alimwambia, na Twalibu akashukuru kweli kweli.

Alibadilisha mtungi, akasafisha chujio akiwa na vipande sita, akapanda bodaboda. Mkuyuni aliingia dukani kwa Hasanali, akanunua pakiti mbili za sukari za kilo moja, akaenda moja kwa moja penye foleni ya wauza karafuu na kuziweka kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye moja na nusu. Juu ya mizani ilibandikwa stika ya ukaguzi wa vipimo ya mwaka huu.

"Shemeji, toa sukari yako," Stambuli alisema kwa upole. "Watu wana haraka."

Twalibu aligeukia foleni. Alitegemea makelele, walau mtu mmoja alaani. Wote walitazama chini. Wa tatu alikuwa mama yake, Zuhura, na gunia lake miguuni.

"Shikamoo mama. Umeona?"

"Marahaba. Njoo huku." Alimvuta pembeni, kucha zikamwingia mkononi. "Unafikiri hatujui? Mwanangu, mimi karafuu nazibeba kichwani. Kichwa changu hakina stika."

"Miaka yote hii umenyamaza?"

"Huyo ndiye anayenunua. Mwingine yuko mjini, na gunia halitembei lenyewe. Halafu kozi yako ya Tanga alilipa nani?"

"Si Stambuli?"

"Alilipa Stambuli. Alitoa wapi?"

Twalibu angeweza kumchukia Stambuli, na hilo lingekuwa rahisi. Kumbe mama yake alikuwa akimtazama mwanawe kila Idi akimshukuru mtu anayemwibia mama huyo huyo, akimpa na sahani ya pilau ampelekee.

"Zamu yangu imefika," mama alisema. "Ninyanyulie."

Alinyanyua gunia, akalitua mbele ya shemeji yake. Mshale ukatetemeka, ukatulia kwenye kumi na tano.

"Ishirini," Twalibu alisema kwa sauti, foleni nzima ikasikia.

Stambuli aliandika kumi na tano.

"Ishirini," Twalibu akarudia.

"Nyamaza," mama yake alisema, akanyoosha mkono apokee hela.