Kimya cha Bendi ya Santa Brígida

Wimbo wenyewe unaanza na klarineti moja. Halafu zinaingia nyingine, kisha matarumbeta, na chini kabisa tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, linatembea kama mtu mnene anayeshuka ngazi kwa tahadhari. Unakwenda hivyo mpaka katikati, kisha unasimama. Sisemi unapungua, unasimama kabisa. Kunakuwa kimya. Ndani ya kimya hicho unasikia watu wanacheka, watu wengi, kicheko cha tumboni. Kisha klarineti inarudi kana kwamba hakuna lililotokea.

Redio ya kijiji chetu huupiga kila asubuhi, nami huusikia nikiwa nimepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia mahindi. Niliujua mpaka naweza kuupiga wote kwa mluzi. Jambo moja tu lilinishinda: wale watu wanacheka nini?

Nilimuuliza anayetangaza redioni. Akasema labda ule mkanda una mkwaruzo. Mkwaruzo hauchekeshi. Nikamuuliza kaka yangu Wilfrido, ambaye anapiga tromboni kwenye bendi yetu ya Yagalá.

"Mpiga ngoma alipiga chafya," akasema.

"Redio ina mikanda miwili ya wimbo huo, wa sikukuu mbili tofauti. Yote ina kicheko."

"Basi ana mafua sugu."

"Mwaka jana si mlikwenda kwao Santa Brígida? Hukuona?"

"Walipoupiga sisi tulikuwa tunakula."

Shangazi Crescencia alikuwa anatusikiliza huku anachambua maharagwe. "Mahindi hayo hayajisagi, Nazaria," akasema. "Na uache mluzi jikoni. Mbuzi wa jirani wanadhani unawaita."

Kwa hiyo niliposikia kwamba mwaka huu Santa Brígida watakuja kwetu, sikusema kitu, lakini moyoni nilikwisha kwenda kuwapokea. Bendi za milima yetu hazilipani. Ninyi mnakwenda kupiga kwenye sikukuu ya wenzenu, wanawalisha na kuwalaza, na sikukuu yenu ikifika wanakuja. Sikukuu ya mtakatifu somo wa kijiji chetu ni Ijumaa mpaka Jumapili, na Jumamosi adhuhuri ndiyo ilikuwa saa ya Santa Brígida.

Tatizo likawa kwamba zamu ya kuwapikia wageni iliangukia nyumba yetu. Jiko la nyumba ya wageni lina dirisha moja, nalo linatazama barabara. Uwanja uko upande wa pili, nyuma ya ukuta. Ukiwa mle ndani utasikia kila kitu na hutaona chochote, sawasawa na redio.

"Shangazi," nikamwambia, "nitasaga mahindi yote kabla jua halijatoka. Wimbo ule ukianza, uniachie nitoke."

"Na sufuria ikichemka?"

"Itachemka bila mimi."

Akaokota haragwe lililoanguka. "Wimbo mmoja."

"Mmoja tu, shangazi."

Jumamosi kulikucha na ukungu mzito, ule unaoingia mpaka ndani ya nyumba na kukaa na watu. Adhuhuri bendi yetu ilikwenda msalabani, pale barabara inapoingia kijijini, kuwapokea wageni. Nilikwenda nao kwa sababu lazima mtu abebe vinywaji. Bendi ya wageni haiingii kimyakimya. Wenyeji wanapiga wimbo wa mapokezi, wageni wanajibu, wananyweshwa kikombe cha meskali, pombe yetu kali, kisha wote wanaingia pamoja. Bila hayo bendi ni watu tu waliobeba vyuma.

Tulisimama hatuoni hata miguu yetu. Bendi yetu ikapiga. Kukawa na kimya kidogo, kisha kutoka ndani ya ukungu bendi ikajibu.

Nikamvuta Wilfrido shati. "Si wao."

"Utajuaje kwenye ukungu huu?"

"Tuba. Yao haitembei hivyo."

"Dada, tuko kazini."

Mzee Maclovio, msimamizi wa sikukuu, alikuwa ameshajaza kikombe. Mkono wa kwanza uliotokea kwenye ukungu akaupa, na mwenye mkono akanywa mpaka mwisho. Ndipo uso wake ulipofuata, na nyuma yake ngoma iliyoandikwa kwa rangi nyekundu: San Dimas.

Wanaume wa kwetu wakavua kofia, wakawa wanaziangalia.

"Lori letu limekwama kwenye matope pale chini," akasema kiongozi wa San Dimas, kikombe kitupu bado mkononi. "Tunakwenda sikukuu ya watu wengine kabisa. Tukasikia mnatupigia. Mtu ukipigiwa, utanyamaza?"

"Huwezi," Mzee Maclovio akakubali.

"Na nilipopewa kikombe, ningekataa?"

"Usingeweza."

Basi ikawa hivyo. Aliyekwisha kunywa msalabani ni mgeni wa sikukuu, hana njia ya kurudi nyuma na wenyeji hawana njia ya kumrudisha. Watakula, watapiga uwanjani pamoja na bendi yetu, ndipo waende zao.

Nilitangulia jikoni kumwambia shangazi.

"Wangapi?" akauliza.

"Bendi nzima."

"Si ndio tuliowapikia?"

"Hao bado. Hawa ni wengine."

Shangazi aliweka mwiko chini, akaangalia sufuria ya nyama ya pilipili nyeusi kama anayeaga mtu. "Saga tena mahindi," akasema. "Na huo wimbo wako?"

"Uko njiani."

Tukawalisha San Dimas. Walikula kwa haya mwanzoni, baadaye bila haya. Kisha wakaenda uwanjani, na nikiwa nimepiga magoti kwenye jiwe nikasikia bendi mbili zinaanza pamoja ule muziki mrefu wa nyimbo nyingi zilizoshonwa kuwa moja. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini katikati yake, kupitia lile dirisha la barabarani, nilisikia kitu kingine. Ngoma kubwa, pigo moja. Halafu basi.

Nilisimama na unga mikononi.

"Shangazi, Santa Brígida wamefika. Wako msalabani."

"Nani yuko huko kuwapokea?"

"Hakuna mtu."

Bendi ikifika ikakuta hakuna mtu, inapiga ngoma mara moja na kungoja. Muziki usipokuja, inageuka. Hawatatukana, hawatalalamika, ila hawatakuja tena, na sisi hatutakwenda kwao tena. Bendi ya kijiji cha Yanitala iligeuka hivyo babu yangu akiwa kijana, na mpaka leo tukikutana nao sokoni tunasalimiana kwa kidevu tu.

"Kimbia," akasema shangazi.

Nilikimbia mpaka kwenye kibanda cha muziki. Wilfrido aliniona, mashavu yake yamejaa hewa. Nikamwonyesha barabara kwa mkono. Akaelewa, maana macho yalimtoka, lakini akatikisa kichwa. Wageni wa San Dimas walikuwa ndani ya muziki ule ule. Ukisimama, umewafukuza hadharani. Nikaenda kwa Mzee Maclovio.

"Waambie wangoje kidogo," akasema.

"Hawangoji, mzee. Wanangoja muziki, hawangoji maneno."

Akakuna kichwa chini ya kofia. "Peleka kinywaji kwanza."

"Kinywaji bila muziki?"

"Mwanangu, mimi leo nimeshakosea mara moja. Sitaki kufikiri tena. Peleka."

Nikachukua mtungi wa pombe ya mananasi nikaenda. Njiani niliogopa kukuta barabara tupu. Walikuwepo, wamesimama kwenye ukungu na mashati yao ya kijivu mpaka ukungu wenyewe ulionekana una vifungo. Wawili walikuwa wameanza kurudisha klarineti kwenye mifuko ya kitambaa.

Aliyesimama mbele alikuwa mwanamume mwenye sharubu zilizolowa, nikajua ndiye Fidencio, kiongozi wao anayetajwa redioni. "Hujambo, binti. Bendi yenu iko wapi?"

"Sijambo, bwana. Iko uwanjani, inapiga na wageni."

"Wageni si sisi?"

"Wageni wengine. Walitokea kwenye ukungu, tukadhani ni ninyi."

Mpiga ngoma, mtu mfupi mwenye tumbo, alicheka kwa pua. "Mkampokea nani?"

"San Dimas."

"Fidencio, umesikia? Wametuona tunafanana na San Dimas."

"Hatukuwaona," nikasema. "Ndiyo shida yenyewe."

"Na masikio?"

"Mimi nilisikia. Nilisema tuba si yenyewe, hawakunisikiliza."

Hapo aliyebeba tuba akainua kichwa. Nilikuwa nimemfikiria miaka yote kama mzee mnene. Alikuwa msichana wa umri wangu, mwembamba kama mpini wa jembe, nywele zimesukwa kwa utepe wa bluu, na tuba imemzunguka kama nyoka aliyemeza shati. "Si yenyewe vipi?" akauliza.

"Yako inashuka ngazi. Ile ilikuwa inaanguka."

Wakaangaliana.

"Binti," akasema Fidencio, si kwa ukali, "kinywaji nakiona. Muziki siuoni. Sina hasira na mtu. Lakini bendi haiwezi kuingia kijijini kama wachuuzi wa sufuria."

Nyuma yangu ule muziki wa uwanjani ulikuwa haujafika hata nusu. Niliweka mtungi chini ya msalaba.

"Nikipiga mimi?"

"Unapiga nini?"

"Mluzi."

Walicheka, nami nikangoja wamalize. Kisha nikaanza wimbo wao. Baridi ilikuwa imekausha midomo yangu na mwanzo ulitoka upepo mtupu, mpiga ngoma akageuza uso ili asinichekee machoni. Nikalamba midomo nikaanza upya. Klarineti ya kwanza. Klarineti ya pili nikaiacha, maana nina mdomo mmoja. Nilipofika pale tuba inaposhuka, nilishuka nayo nilivyoweza, na nikaona mguu wa yule msichana unahesabu chini. Nikafika kwenye kimya, nikanyamaza, kwa sababu ndivyo wimbo unavyokwenda.

Fidencio alikuwa amenikazia macho. "Herminia," akamwambia msichana wa tuba bila kugeuka, "huo ni muziki?"

"Hajakosea hata mahali pamoja," akasema Herminia. "Mimi hukosea pale pa kushuka."

"Kila siku," akasema mpiga ngoma.

"Wewe Abundio nyamaza." Fidencio alivuta sharubu zake, akakamua maji. "Haya. Wenyeji wamepiga. Tujibu."

Wale wawili wakazitoa klarineti mifukoni. Wakapiga, wimbo ule ule, nami nimesimama mbele yao karibu kiasi cha kusikia vidole vikigonga vitufe. Nilikuwa sipepesi macho. Nilijiambia, Nazaria, ukipiga chafya sasa hivi umekwisha.

Wakafika katikati. Wimbo ukasimama.

Wote kwa pamoja, na nyuso za watu walioko kanisani, waligeuza vyombo vyao juu chini wakavitikisa. Maji yakamwagika. Matarumbeta yakatema, tromboni zikatema, klarineti zikafutwa kwa pindo la shati. Herminia akajivua tuba, akaipindua kama mtu anayemwaga maji ya vyombo, na maji yaliyotoka humo yalitosha kuku kunywa. Nusu yakaingia kwenye sketi yangu. Na nyuma kabisa Abundio, ambaye ngoma yake haina tone la maji, akainua ile ngoma kubwa kwa shida, akaipindua, akaitikisa. Hakikutoka kitu. Akaitegea sikio. Akachungulia kwenye kitundu cha ubavuni, kwa makini sana, akasikitika.

Nilicheka mpaka nikashika msalaba. Klarineti ikarudi kana kwamba hakuna lililotokea.

Walipomaliza, Herminia aliniambia, "Kwetu ukungu hautoki kabisa. Tuba ikijaa inakoroma. Aliyetunga wimbo akaona heri aweke nafasi ya kumwaga."

"Na ngoma?"

"Ngoma haihitaji," akasema Abundio. "Lakini wenzako wote wakiwa na shughuli, wewe utakaa tu?"

Nikamimina pombe ya mananasi, Fidencio akawa wa kwanza kunywa. Ndipo bendi yetu ilipofika mbio, wamemaliza ule muziki mrefu na kuusikia wimbo huku msalabani, San Dimas wako nyuma yao na Mzee Maclovio anashikilia kofia.

"Umewafanya nini wageni?" Wilfrido akaniuliza, anahema.

"Nimewapokea."

"Kwa nini sketi yako imelowa?"

"Siku wakiupiga nawe huli, utaona."

Jioni waliupiga tena uwanjani. Jikoni kulikuwa na sufuria tatu motoni na tamale, ile mikate ya mahindi iliyofungwa majanini, za kufungua. Klarineti ilipoanza, shangazi akanyoosha mkono kunielekeza mlangoni.

"Ahadi ni ahadi. Nenda."

"Nenda wewe, shangazi. Mimi nimeshauona."

Alisita, kisha akajifuta mikono akatoka. Nikasikia wimbo unafika katikati, unasimama, uwanja mzima unacheka, na humo ndani nikakitambua kicheko cha shangazi, chembamba, kimechelewa kidogo kuliko vingine. Alirudi macho yamelowa, akachukua mwiko.

Jumatatu asubuhi redio ikaupiga. Nilikuwa kwenye jiwe. Wimbo ulipofika kwenye kimya, shangazi aliacha kuchambua maharagwe.

"Nazaria," akasema. "Yule wa ngoma, alipochungulia mle ndani, aliona nini?"

"Mahindi haya hayajisagi, shangazi."

Akanitupia haragwe, lakini mpaka wimbo unakwisha alikuwa bado anaangalia redio.