Hodi ya Pili

...ya pili hiyo, ni ya pili, Syombua aliihesabu mwenyewe, hodi, Mama Mukai, kisha kimya, na mwiko ukasimama ndani ya uji kama umeshikwa na mtu mwingine, ya tatu je, mbona ya tatu haiji, ngoja, usiitike, susu alisema, bibi yake wa kule Kitui aliyemlea, ukiitwa na usiyemwona fyata ulimi, maiti huita mara mbili tu, aliye hai ataita ya tatu, na ukimwitikia maiti umemfungulia, naye haondoki mikono mitupu, na humu ndani kuna nini cha kuchukua ila huyu Mbiti mgongoni, miezi saba, jino moja... akapeleka mkono nyuma, akaliziba sikio la mtoto, basi bisha, wewe uliye nje, bisha tena uwe mtu, uwe mchuuzi wa sabuni, uwe mama wa kanisani na karatasi zako, bisha mara ya tatu nikufungulie hata kwa wimbo... mchana mweupe, saa tisa, jua la mtaa wa Umoja linaunguza mabati, nani aliona mzimu saa tisa, Mwalimu Nalianya wa sayansi angecheka hadi chaki imdondoke, umefika fomu tuu, Syombua, surua ni kijidudu, si jicho la mtu, sawa mwalimu, kijidudu, lakini kijidudu hakijui kuita mtu kwa jina, na jina hilo hapa Nairobi hakuna mtu alijuaye, liliachwa Kitui juu ya kaburi fupi lililochimbwa na surua mwaka jana, mwaka wa njaa na unga wa manjano, Mbiti akiwa bado tumboni, na Mutisya ndiye aliyesema twende, mke wangu, nitapata lori la kuendesha, tutaanza upya, hakuna atakayekutazama kwa huruma kule, na kweli, siku ya kwanza tu Mishi wa chumba cha pili alikuja na vitumbua, akamtazama mtoto, huyu wa ngapi, mwenzangu? naye akajibu upesi, hata mate hakumeza, huyu ndiye kifungua mimba wangu... ulimi ulisema hivyo, ulimi huu huu, na kabla yake ni nani aliyefungua, ni nani aliyelia alfajiri ile hadi kuku wakamjibu... "We Muhidin! Ukirudi bila dania usinipigie hodi, kalale kwa huyo muuza dania wako!" huyo Mishi, ng'ambo ya ukuta, anamfokea mumewe, na mume anacheka, viatu vyake vinaondoka, kisha sauti ile ile, "Mama Mbiti! We Mama Fisi! Uji wako unaungua, naunusa hadi huku!" Mama Fisi, tangu alipoambiwa kwamba Mbiti ni fisi kwa Kikamba, kwamba mtoto hupewa jina baya ili kifo kimdharau kimpite, Mishi hana jina lingine la kumwita, Wakamba nyinyi, mtoto mzuri hivi... lakini Mishi hajauliza mgeni ni nani, Mishi anayewaitikia karibu wageni wa ploti nzima, hata wa vyumba vilivyofungwa kufuli, hodi mbili zimepita mlangoni pake na hakuitika hata moja, hakuzisikia, na chini ya mlango mwanga ni mstari mmoja mzima, haukukatwa na miguu, au miguu ni midogo... usiseme hivyo, koroga uji... sauti ilitoka chini, ndiyo, haikutoka usawa wa uso wa mtu mzima, ilitoka chini ya komeo, na ilitanguliwa na kikohozi, kile cha kujitia ukubwa, kwa maana Mukai alikuwa na mchezo wake, hajatimiza miaka mitatu, anajitanda leso ya mamake inaburuta vumbi, anatoka nje, anakohoa kama mke wa mchungaji, hodi, Mama Mukai yuko? na Syombua anaitika, karibu mgeni, umetoka wapi? nimetoka mbali, miguu inaniuma, nipe uji... na uji ndio huu, umeshika chini, unafuka moshi, na ni miezi mitano tangu waje hapa, miezi mitano hakuna kinywa kilichosema Mama Mukai, hata cha Mutisya, hata chake mwenyewe usiku anaposali, mtoto ameburuta leso kutoka Kitui hadi Umoja, amefika, amekohoa vizuri kama alivyofundishwa, na ndani mama yake anamwambia jirani kwamba kifungua mimba ni huyu... mkono ulikuwa umeshuka kutoka sikioni mwa Mbiti, lini, hakujua, na Mbiti ameacha kunyonya ngumi, ametulia, shingo ameigeuzia mlangoni, karibu mgeni, neno liko pale, limekaa nyuma ya meno, halitoki, halirudi, mwanga chini ya mlango ni mstari ule ule, mwiko uko mkononi, Mishi anaimba, ya tatu haijaja, na sasa alijikuta akiomba, meno yameumana, isije, Mungu wangu, asije mchuuzi wa sabuni, asije mama wa kanisani, mtu aliye hai asiuguse mlango huu, asije akanionyesha kwamba hakuwa yeye...