Tiki za Jumamosi

Mimi ndiye niliyemkanyaga Twiga kwa foklifti, ile mashine ya kubebea mizigo ghalani, na sitaki mtu anipunguzie hilo. Ni shemeji yangu, mume wa dada. Mzigo wa sabuni ulinizibia mbele, nikawa narudi nyuma, naye kanipa mgongo anapanga katoni. King'ora cha kurudi nyuma kilikuwa kimekufa wiki tatu, kwa hiyo hakusikia kitu.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi meneja akaniita ofisini, na dada akaja nami, kabeba buti la mumewe lililokatwa kwa mkasi hospitalini.

"Saini tu," meneja alisema, akinisogezea maelezo aliyokwisha kuyachapa. "Wewe huna kosa, mashine haina kosa. Shemeji yako alizubaa."

Nikisaini, Twiga kazi hana, na matibabu ya mguu wake atajua mwenyewe.

"King'ora kilikuwa kibovu," nikasema.

Akatoa fomu ya ukaguzi. "King'ora, Jumatano, tiki. Mwandiko si wako huu?"

Wangu kabisa. Pale ghalani fomu ya wiki nzima tunaijaza Jumatatu, kwa amri yake, tusipoteze muda. Miaka minne nimeijaza huku nakunywa chai, wala sikuwahi kujiuliza. Niliona aibu. Halafu nikaitazama tena ile fomu, na hasira ikaisukuma aibu pembeni.

"Soma na Jumamosi, bosi."

Akainama, akasoma.

"Leo Alhamisi, na foklifti umeifungia tangu jana. Nani kaikagua Jumamosi ambayo haijafika?"

"Tiki ni zako," akasema polepole. "Ukilifungua hilo, unajimaliza mwenyewe."

"Najua."

Nikachukua kalamu yake, nikaandika chini ya fomu kwamba tiki zote niliziweka Jumatatu kwa amri ya meneja, na kwamba king'ora nilimwambia mara tatu. Hapo nikasaini. Dada akaipiga picha kwa simu mara mbili. Meneja aliponyoosha mkono, dada akaliweka buti juu ya karatasi, naye hakuthubutu kuligusa.

"Umejifukuzisha kazi," akaniambia.

"Basi niandikie barua," nikasema. "Ila hiyo iandike siku yenyewe."