Mihogo Nyuma ya Nyumba ya Mgodi

Maman Mwadi aliketi nyuma ukumbini, karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord, rozari mkononi. Mbele, binti yake Graciella, mhandisi wa umeme wa jua, alikuwa akimshauri waziri wa nchi inayoishi kwa mafuta tu.

"Visima vyetu vinajaa, mademoiselle," waziri akacheka. "Jua la nini?"

Graciella angenyamaza, angelinda kazi yake. Hakunyamaza.

"Excellence, kwetu Katanga papa alichimba shaba. Maman akalima mihogo nyuma ya nyumba, majirani wakamucheka. Mgodi ulipofungwa, mihogo ndiyo ilitulisha. Donc, basi, mulime jua sasa, visima vikingali na mafuta."

Waziri akavua miwani. "Bon, tuonyeshe hayo mashamba ya jua. Na huyo maman yuko wapi?"

Mwadi akanyoosha kitenge, akasimama, ukumbi mzima umwone mama wa Graciella.