Madafu ya Baba

Baba alianza kupata kizunguzungu wiki ya pili baada ya kuongezewa dawa za moyo. Zilikuwa za aina nne sasa: ya kushusha presha, ya kupunguza mapigo, ya kukojoza, na kile kidonge kidogo cheupe ambacho tangu akianze aliweza kulala bila kuhema. Lakini akiinuka kitandani tu, anashika ukuta.

Nani hapa wilayani kwetu Kulon Progo asiyejua kizunguzungu kinaletwa na nini? Ni upepo umeingia mwilini. Nilimpaka mafuta mgongoni, nikamkwangua kwa sarafu kuufukuza upepo huo, mpaka ikatoka mistari myekundu, kisha nikamnywesha dafu. Akacheua, akasema amepata nafuu. Basi nikampa asubuhi na jioni, kila siku, madafu ya minazi aliyoigema mwenyewe miaka arobaini. Nilikuwa nimetoka Hong Kong, nilikomlea mzee wa watu wengine kwa mshahara, miaka kumi na moja. Sasa nilimlea wangu, na nilijiona binti hasa.

Mimi na wifi yangu tulimpeleka hospitali, na majibu ya damu yalipotoka, daktari alikunja uso.

"Potasiamu imepanda sana. Ikizidi hapa, moyo unaweza kusimama. Mzee anakula nini?"

Nilimrukia mtu kabla sijafikiri. "Muulize wifi yangu Tumini, yeye ndiye mpishi. Samaki wa chumvi kila siku!"

"Wifi, jamani!" Tumini alisema. "Baba hajaonja samaki wa chumvi tangu Idi."

"Chumvi ina ubaya wake, lakini haileti hii," daktari alisema. "Basi ni hiki kidonge cheupe. Kuna watu hakiwafai. Tutakiacha kabisa."

Baba akashtuka. "Hicho ndicho kinachonilaza, daktari. Nisipokimeza nitarudi kulala nimekaa."

Daktari alimsogelea. Alimpandisha shati ili asikilize mapafu, akaona mistari.

"Nani kamkwangua?"

"Mimi."

"Usiogope, hata mimi mama hunikwangua. Alipomaliza kukwanguliwa, alipewa nini?"

Nilielewa hapo hapo. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ningeweza kunyamaza: kidonge kikaachwa, wifi akabaki na lawama niliyomtwisha, na mimi nikabaki binti mwema.

"Madafu," nikasema. "Mawili kwa siku. Ni mimi."

Daktari alishusha pumzi. Dafu limejaa potasiamu, alisema, na kidonge kile kinaizuia isitoke. Kisimamishwe siku chache, damu ipimwe tena, kisha kirudi. Kizunguzungu nacho si upepo, ni presha kushuka. Mzee akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na vidonge asivimeze vyote kwa mpigo mmoja.

"Ila sielewi," akaongeza, akifunua faili. "Nesi alimkataza madafu siku ile ile alipoanzishiwa kidonge. Imeandikwa hapa."

Nikamgeukia Baba. Alikuwa anafunga vifungo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema, Baba?"

"Ulikuwa unayaleta huku unacheka, mwanangu. Miaka kumi na moja sijakuona ukicheka. Ningekukataliaje?"

Tumini ndiye aliyemshika mkono akamwinua, polepole, kama tulivyoelekezwa. Mimi nilifuata nyuma.