Naomi wa Chiola Agoma

Mimi Swaumu ni Muislamu, tena wa swala tano, lakini sikukuu ya mavuno kigangoni Chiola siikosi. Kwanza kuna pilau. Pili, Wamwera hawa ni watani zangu, na mtani haalikwi kuja kukucheka, anakuja tu.

Mwaka huu mwenyekiti wao wa kigango, Mzee Dastani, aliamua uchezwe mchezo wa Ruthu, yule mjane mgeni wa kwenye maandiko ya Wayahudi, aliyekataa kumwacha mama mkwe wake Naomi, akawa anaokota masazo mashambani ili wapate kula. Boazi, yule mwenye shamba mwenye huruma, nani? Dastani mwenyewe! Uruthu akampa binti yake, aliyekuja kutoka Ruangwa mjini na kucha za bandia. Kucha za kuokotea masuke hizo, jamani?

Sasa sikieni. Mjane mgeni wa kweli walikuwa naye pale pale. Josephina, Mmakua wa Msumbiji, aliolewa na Augustino, mpwa wake Dastani. Augustino alipofariki, Josephina hakurudi kwao. Alibaki na mama mkwe wake, Bibi Beatrisi, dada mkubwa wa Dastani, ambaye haoni tena. Anamwogesha, anamlisha, akimaliza anaingia kwenye mikorosho iliyokwisha kuvunwa kuokota korosho zilizosahaulika. Wiki ile ile ya mazoezi aliingia kwenye mikorosho ya Dastani. Boazi wetu akamfukuza kwa fimbo.

"Arobaini imepita zamani," alimwambia mbele yangu. "Huku kwetu mjomba ndiye anayesema. Mchezo ukiisha, Jumatatu unarudi kwenu ng'ambo ya Ruvuma. Nyumba ya mpwa wangu ina wenyewe."

"Mtani," nikamwuliza, "hayo ndiyo maneno ya Boazi, au bado hujayakariri?"

"Swaumu, mambo ya ukoo wetu hayakuhusu."

Josephina alizimwaga korosho zake chini akaenda zake. Niliumia, siwadanganyi, utani nao una mwisho. Nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Beatrisi nikamwambia yote.

Jumapili watu walijaa. Naomi alikuwa Bibi Beatrisi, maana Dastani alitaka kizee halisi asiyehitaji kupakwa unga kichwani. Binti wa kucha akapiga magoti, akaanza kusema kwa sauti ya mtangazaji wa redio kwamba hatamwacha Naomi kamwe, atamfuata popote.

Bibi akampapasa mikono, akafika kwenye zile kucha.

"Nani huyu?"

"Mimi Ruthu, mama."

"Muongo. Wangu yuko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Dastani, ndani ya kanzu yake ya Boazi, akamwambia kwa ukali: "Dada, fuata mchezo!"

"Naufuata. Josephina!"

Josephina alikuwa jikoni anageuza pilau ya wageni, maana huko ndiko walikompangia. Akaja na mwiko mkononi. Bibi akamshika bega, akainuka.

"Dastani, umesema Jumatatu mwanangu anaondoka. Vizuri. Na mimi nafungasha. Anakokwenda nakwenda, na nikifa, wanizike Wamakua."

Hapo wazee wa Kimwera wakaanza kutazamana. Kwao ukoo unakwenda kwa mama, na Bibi Beatrisi ndiye mama wa mwisho aliyebaki. Huo ujomba anaotamba nao Dastani, kaupata kwa tumbo la nani kama si la dada yake? Bibi akivuka Ruvuma, mjomba anabaki mzee tu aliyevaa kanzu ya kuazima.

"Dada, tutaongea nyumbani," akasema, jasho likimtoka.

"Nyumbani kwa nani? Mkwe wangu akiwa mgeni, na mimi mgeni."

Dastani akatutazama. Hakuna aliyemsaidia, mimi ndiyo kabisa. Akavua kilemba, akapiga magoti, akamgeukia Josephina mbele ya kigango kizima.

"Mkwe, nakuomba, usiondoke."

Josephina akamtazama pale chini.

"Mjomba," akasema, "mimi sikusema naondoka. Ulisema wewe."